Usimfute kazi karani kabla hujakagua waya

Ikiwa unafanya kazi katika ofisi yenye kompyuta zaidi ya moja, bila shaka umewahi kumwona mwenzako ameshika tama mbele ya kioo, akingojea ukurasa ufunguke, ilhali jirani yake, hatua mbili tu kutoka hapo, amekwisha kumaliza yake na kwenda kunywa chai. Mtandao ni mmoja. Ruta ni moja. Bili inalipwa na mtu mmoja. Mbona basi huyu apae na yule atambae?

Swali hilo nililetewa na mpwa wangu mwanzoni mwa Juni 2024, wala hakuniuliza kwa mzaha. Tangu Aprili mwaka huo alikuwa ameajiriwa katika ofisi ndogo mtaani Rhonda, mjini Nakuru, orofa ya kwanza juu ya maduka, ambayo huwaandikia wachuuzi na wenye maduka hesabu zao na kuwajazia ripoti za ushuru. Mlikuwa na meza 4 na kompyuta 4, zote zimeunganishwa kwa waya. Yake ilikuwa ile ya karibu na mlango. Mkubwa wake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba ifikapo tarehe 30 bila ya yeye kuhudumia wateja wengi kama wenzake, basi atafute pengine. Nawe wajua tarehe 30 Juni ni siku gani nchini Kenya: ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi ya mapato kwa KRA, na kila mwaka watu husubiri hadi juma la mwisho ndipo wamiminike.

"Mjomba, mimi si mvivu," aliniambia. "Ile mashine ndiyo inanichelewesha. Lakini nikisema hivyo naambiwa natafuta kisingizio."

Mimi nilisomea uandishi wa habari, si uhandisi. Hata hivyo, mtu akikaa miaka mingi katika ofisi ambamo fundi huja Alhamisi na makala hutakiwa Jumatano, hujifunza kujichunguzia mambo. Nikamwahidi kwamba Jumamosi ningepita.

Haki na isemwe: mkubwa wake alikuwa na sababu za kutomwamini. Karani aliyekuwa katika meza ile kabla ya mpwa wangu aliachishwa kazi mwezi Machi kwa kosa lilo hilo la uzito. Baada ya hapo mzee alitoa pesa akanunua kompyuta nyingine ya kuweka pale. Sasa mashine ni nyingine, mtu ni mwingine, na bado kazi inakwama. Mzee akakata shauri kwamba amepata mvivu wa pili.

Kisha kulikuwa na jambo la baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Mombasa na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko. Siku hizo kompyuta zote 4 za ofisi ile zilitambaa, kwa hiyo mpwa wangu hakuonekana tofauti na wenzake. Kampuni za mtandao zilipohamishia mzigo wao kwenye nyaya nyingine, mashine 3 zikarudia mwendo wake. Ya nne haikurudia. Kila alipolalamika kwamba ni mtandao, mzee alimwuliza hiyo bahari iliyokatika ni ya upande wa mlangoni peke yake?

Swali la kejeli, lakini lilikuwa swali zuri kuliko mzee mwenyewe alivyojua. Jambo la kwanza kuuliza mtandao unapozembea ni hili: umezembea kwa wote au kwa mmoja? Ukiwa kwa wote, chanzo aghalabu ki nje ya meza zenu. Huenda ni ruta, huenda ni kampuni inayowauzia huduma, huenda ni bahari, au hata ni ule mtambo mnaoutafuta. Julai 2023, huduma za eCitizen ziliposhambuliwa na wavamizi wa mtandaoni, hapakuwa na waya wa ofisi yoyote ambao ungekaguliwa ukasaidia kitu. Lakini taabu ikimpata mmoja na wenzake wakasalimika, usiipigie kampuni simu, wala usinunue kasi zaidi. Mzee yule alikuwa karibu kutoka kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde na kwenda cha 40. Wale watatu wangefaidi. Wa mlangoni angebaki palepale.

Jumamosi ilipofika nilipanda matatu hadi Rhonda. Kipimo cha kwanza hakikuhitaji kifaa chochote. Nilichomoa waya wa jirani yake nikauchomeka kwenye kompyuta ya mpwa wangu, na wa mpwa wangu nikauchomeka kwenye ya jirani. Kompyuta iliyokuwa ikilaumiwa ikaanza kufungua kurasa mara moja. Ya jirani, ambayo kila mtu aliisifu, ikaanza kutambaa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe mkononi. Hakusema neno, ila alisogeza kiti akaketi.

Ukitaka kuchunguza ofisini mwako, anza na hilo. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, mashine na tundu la ukutani kwa pamoja, hali ikatengemaa, hutajua ni kipi kilichokuponya. Baada ya waya, nilihamisha upande wake wa pili kwenye tundu jingine la kile kisanduku cha kugawia mtandao ambacho mafundi hukiita swichi. Taabu ikaufuata waya. Basi si mashine, si tundu la swichi, si karani.

Kipimo cha pili ni cha kuiuliza kompyuta yenyewe. Katika zile zinazotumia Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika ncpa.cpl, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Dirisha litafunguka lenye picha ya kila njia ya mtandao iliyo katika mashine. Bonyeza mara mbili ile ya waya, na utaona mstari unaoonyesha mwendo: 1.0 Gbps, 100.0 Mbps au 10.0 Mbps. Hiyo si kasi ya intaneti unayonunua. Ni kasi ambayo kompyuta na swichi zimeafikiana kuzungumza juu ya waya ule. Kompyuta 3 zilionyesha 1.0 Gbps, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde. Ya mlangoni ilionyesha 100.

Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi 8 za shaba, zimesokotwa mbili mbili, jozi 4. Mwendo wa megabiti 100, uliowekewa kanuni mwaka 1995, hutumia jozi 2 tu. Mwendo wa 1,000 juu ya waya wa shaba, uliokuja 1999, hutaka jozi zote 4. Uzi mmoja katika zile jozi mbili za ziada ukikatika, vifaa vingi havikati mawasiliano. Hushuka kimyakimya hadi 100 na kuendelea. Taa ya kijani bado inawaka. Kila apitaye huiona taa na kusema waya ni mzima. Taa ile, msomaji, husema tu kwamba pande mbili zinasikiana. Haisemi zinasikiana vizuri.

Hapa wapo watakaoniuliza: kama ofisi hununua megabiti 20 tu, huyu mwenye njia ya 100 analalamikia nini? Ni hoja ya haki. Kwa kurasa za intaneti peke yake, 100 inatosha na kusaza. Lakini ofisi ile ina faili za hesabu za wateja katika kompyuta ya mzee, na kila karani huzifungua kupitia waya. Kumbuka pia kwamba megabiti 8 ndizo megabaiti 1. Njia ya 100 hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, na ile ya 1,000 kama 110. Faili za gigabaiti 2 huchukua dakika 3 katika njia ya kwanza na chini ya nusu dakika katika ya pili, maadamu diski nazo zina mbio. Hiyo ni tofauti, lakini si tofauti ya kumfukuzisha mtu kazi. Nikajua kuna zaidi.

Ndipo nikafanya kipimo cha tatu. Bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika cmd, na katika dirisha jeusi andika ipconfig. Anwani ya ruta mara nyingi huwa katika mstari wa mwisho wa sehemu inayohusu waya. Katika ofisi na nyumba nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha andika ping -n 100, acha nafasi, na uandike anwani hiyo. Kompyuta itaituma ruta salamu 100, moja baada ya nyingine, na kuhesabu zilizojibiwa. Juu ya waya mzima, salamu hujibiwa kwa muda usiozidi milisekunde 1 au 2, na zote 100 hurudi. Katika meza ya mlangoni zilirudi 91.

Pengine utasema 91 kwa 100 ni alama nzuri. Mtihani huu hausahihishwi hivyo. Mtazame mchuuzi wa maji na mkokoteni wake wa mitungi kwenye njia zetu za Rhonda. Mtungi mmoja ukianguka, hasemi "yamebaki mengine". Mteja alilipia yote. Husimama, akarudi kuujaza, na safari inayofuata hupakia mitungi michache kwa kuogopa. Ukianguka mwingine, hupunguza tena. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Pakiti ya data ikipotea, huituma upya, na kwa kudhani njia imejaa hupunguza mzigo. Kwa hiyo kupotea kwa pakiti 9 katika 100 hakupunguzi kasi kwa sehemu 9 katika 100. Huiangusha kabisa. Njia ya megabiti 100 ikawa haifikishi hata zile 20 za intaneti.

Basi tukaufuata waya kwa macho na kwa mkono. Ulitoka kwenye swichi, ukapanda ukutani, ukapita juu ya mlango, ukashuka hadi mezani. Mlango wenyewe ni wa chuma. Mzee akakumbuka kwamba ulitiwa Agosti 2023, baada ya wezi kuvunja duka la chini. Nyuma ya fremu, mahali ambapo hakuna anayetazama, tulikuta fundo la utepe mweusi wa umeme, nene kama kidole gumba. Aliyetoboa ukuta aliukata waya kwa bahati mbaya, naye aliyeitwa kuuunga aliuunga kama anavyounga nyaya za stima. Alifumua jozi zote, akaunganisha nyuzi 4 kwa kuzipotoa, zile nyingine 4 akaziacha zikining'inia, kisha akazungusha utepe. Taa ikawaka. Akalipwa akaenda zake.

Simlaumu sana fundi yule. Kwa umeme wa taa, uzi ukigusana na uzi kazi imekwisha. Kwa mtandao mambo si hayo. Zile jozi zimesokotwa kwa sababu maalumu, nayo ni ya zamani kuliko kompyuta: Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliipatia hataza mwaka 1881. Nyuzi mbili zikisokotwa pamoja, kelele za umeme kutoka nje huzipata zote mbili sawasawa, na upande wa pili kelele hizo hufutana. Zifumue kwa urefu wa kidole, kando ya fremu ya chuma na waya wa taa ya mlangoni, na kelele huingia bila hodi.

Kosa linalofanana na hilo hufanywa na wanaojitilia vichwa vya waya wenyewe, na nimeliona katika saiba zaidi ya moja. Vile vichwa vya plastiki vina meno 8. Mtu huzipanga rangi kwa kupendeza macho: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, halafu akarudia mpango huohuo upande wa pili. Uzi wa kwanza unakutana na wa kwanza, taa inawaka, naye anaridhika. Kumbe jino la 3 na la 6 hufanya kazi kama jozi, na yeye ameyapa nyuzi za jozi mbili tofauti. Kusokotwa kote kukawa bure. Mpango unaotumiwa sana, kutoka kushoto huku ulimi wa kichwa ukiwa umeelekea chini, ni huu: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Kijani imetengwa makusudi. Ukate uandike ukutani.

Unaponunua waya, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu hadi ndani, hiyo ni shaba. Ukiwa mweupe ndani, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba, nyepesi mkononi na rahisi bei, ambayo hukatika ikikunjwa mara chache. Waya usizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Usiulaze bega kwa bega na nyaya za umeme, usiupitishe chini ya magurudumu ya kiti, na uchungulie darini kama kuna panya. Matundu nayo huziba vumbi. Inaaminika kwamba Wamaasai waliuita mji huu Nakuru kwa sababu ya vumbi, na yeyote aliyefungua kompyuta ya Rhonda baada ya kiangazi hatabisha.

Liko jingine ambalo huwapiga chenga hata mafundi. Katika mipangilio ya mtandao wa waya, mtu anaweza kuilazimisha kompyuta itumie mwendo fulani badala ya kuiacha iafikiane na swichi. Akiilazimisha upande mmoja tu, kompyuta husema na kusikia kwa wakati mmoja, ilhali swichi hudhani ni mazungumzo ya zamu, kama redio za askari. Salamu chache hupita vyema. Ukituma faili kubwa, zinagongana. Rudisha mpangilio kwenye kuafikiana wenyewe, pande zote mbili. Na siku ofisi nzima ikizimia ghafla, angalia kama kuna aliyechomeka ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi ileile. Nimemwona mfagizi akifanya hivyo kwa nia njema ya kutoacha waya unaning'inia. Habari za mtandao usio na waya nitaziacha kwa Jumapili nyingine.

Pale Rhonda tulinunua waya wa shaba wa mita 15 na vichwa 2, tukaazima koleo la kubania kwa jirani mwenye saiba. Yote yaligharimu Sh900. Tuliupitisha waya mpya upande wa pili wa ukuta, mbali na mlango. Kompyuta ikaonyesha 1.0 Gbps. Salamu 100 zilitumwa, 100 zikarudi. Mzee alitaka zitumwe tena, na tukazituma tena. Kisha akamwambia mpwa wangu aje Jumatatu saa mbili kama kawaida, na hayo mengine wayasahau. Hakuomba radhi, lakini kifurushi cha megabiti 40 hakukinunua, na yule binti yuko katika meza ileile hadi leo.

Yule karani wa kwanza nilikutana naye Agosti mwaka huo. Mpwa wangu ndiye aliyenipeleka, maana anamfahamu. Ana kibanda cha kuweka na kutoa pesa kwa simu, si mbali na barabara ya Rhonda. Nilimweleza habari ya fremu na utepe mweusi. Akaniambia kwamba siku zile alidhani ni macho yake, akaenda hata kupimwa miwani, na baadaye akaanza kuamini kwamba yeye kweli ni mzito. Aliuliza kama mzee anajua. Nikamwambia anajua, alikuwapo. Aliuliza tena waya ulikuwa wa pesa ngapi, nami nikamwambia. Mteja akawa amefika dirishani, akageuka kumhudumia.